Nyumba ya Langoni

Kila nyumba ya kale ina siku mbili za kuzaliwa. Ipo siku mwashi alipoweka jiwe la kwanza, na hiyo huandikwa katika madaftari ya manispaa. Na ipo siku mtu alipowasha moto jikoni mara ya kwanza akawapikia watu wake, na hiyo aghalabu haiandikwi popote. Wanaohifadhi majengo huifuata siku ya kwanza. Mimi nataka kuitetea ya pili, na nitafanya hivyo kwa kusimulia habari za nyumba ndogo ya mawe iliyoko kwenye lango la bustani ya umma, katika mji mmoja wa viwanda kaskazini mwa Uingereza. Nyumba hiyo iliungua kabla hatujaijua. Tuliinunua mwaka 2013 ikiwa gofu lisilo na paa, tukahamia mwaka 2017, na mpaka leo ndimo tunamoishi mimi, mke wangu, watoto wetu wawili na mama yangu mzazi.

Waingereza huziita nyumba za namna hii loji. Msomaji wa Afrika Mashariki akilisikia neno hilo hufikiria hoteli za mbugani, zile za Serengeti au Aberdare. Maana ya huku ni nyingine: ni nyumba ya mlinzi wa lango. Tangu karne ya 18 mabwana wenye mashamba makubwa walizijenga kwenye malango ya viwanja vyao, ili mgeni aonjeshwe utajiri wa mwenyeji kabla hajafika barazani. Nyumba ilikuwa ndogo, lakini ilivalishwa nguo za sikukuu: madirisha ya ncha kama ya kanisa, dohani ndefu zilizochongwa, paa lenye mapambo ya mbao ukingoni.

Karne ya 19 ilipoleta bustani za umma, nyumba za langoni nazo zikaja. Miji ya viwanda ilikuwa imejaa moshi na watu, na waungwana wakaanza kuona kwamba mfanyakazi naye anahitaji mahali pa kuvuta pumzi. Mwaka 1840 Joseph Strutt, tajiri wa viwanda vya nguo, aliupa mji wa Derby bustani iliyochorwa na John Claudius Loudon. Tarehe 5 Aprili 1847 ikafunguliwa bustani ya Birkenhead, ng'ambo ya mto Mersey ukitoka Liverpool. Hii ilijengwa kwa fedha za umma, kwa ramani ya Joseph Paxton, na malango yake yalipewa nyumba za mitindo mbalimbali: ya Kiitalia, ya Kigothi, ya Kinormani, na nyingine kama ngome ndogo. Mmarekani Frederick Law Olmsted aliitembelea mwaka 1850, na yale aliyoyaona aliyachukua moyoni hadi New York, ambako baadaye alishiriki kuichora Central Park. Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 1875 ikaziwezesha halmashauri za miji kununua na kutunza viwanja vya matembezi, na karibu kila mji wa kaskazini ukataka bustani yake, kinanda chake cha bendi na nyumba yake ya langoni.

Ndani ya nyumba hiyo aliishi mlinzi wa bustani na familia yake. Alikuwa mtu wa saa zote. Asubuhi alifungua malango, jioni akagonga kengele na kuyafunga, na baina ya hapo akawafukuza watoto waliokanyaga maua, akawaelekeza waliopotea, akawainua walevi. Mshahara wake haukuwa mkubwa, na nyumba ilihesabiwa kuwa sehemu ya ujira. Hapo ndipo penye jambo ninalotaka msomaji alishike. Kwa nje nyumba ya langoni ilikuwa pambo la mji, lakini kwa ndani ilikuwa vyumba vidogo vya mfanyakazi, wake na waume na watoto wakipishana kwenye ngazi nyembamba. Tangu siku yake ya kwanza ilikuwa nyumba ya familia. Sisi hatukuigeuza kuwa hivyo.

Basi ilikuwaje ikaungua? Jibu fupi ni kwamba usiku mmoja mtu aliingia ndani akawasha moto, na mtu huyo hakujulikana. Jibu refu ni historia. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vyuma vya nyua za bustani nyingi vilikatwa na kupelekwa kuyeyushwa, na malango ya sehemu nyingi yakawa hayana maana ya kufungwa. Mwaka 1974 halmashauri ziliundwa upya, na idara za bustani zilizokuwa na wakuu wake zikamezwa na idara kubwa zaidi. Halafu ikaja Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1988, iliyozilazimisha halmashauri kuitangaza kazi ya kutunza bustani kwa zabuni. Aliyeshinda zabuni alileta gari lenye mashine za kukata majani, akakata, akaondoka. Mtu wa kuishi langoni hakuwamo katika mkataba. Walinzi walistaafu wasiwekwe wengine, nyumba zikapigwa mbao madirishani, vigae vikaanza kuibwa. Wahenga wetu wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyumba yetu ilikaa tupu miaka mingi kabla ya kiberiti kile. Kwa hesabu yangu iliungua siku familia ya mwisho ilipohama. Kilichochelewa ni miali tu.

Tulipoinunua, mama alikuja kuiona. Yeye ni mzaliwa wa Malindi, Unguja, na wakati ule alikuwa amepita miaka 70, magoti yakimsumbua. Alisimama kwenye majani marefu, akatazama juu palipokuwa paa, akaona anga.

"Mwanangu," akaniuliza, "mji wote huu hamkupata nyumba ila iliyoungua?"

Nikamwambia, "Mama, iliyo nzima hatuimudu."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nyumba hailindwi na kufuli. Hulindwa na moshi wa jikoni. Haya, tieni moshi."

Alijua alisemalo. Sisi watu wa Mji Mkongwe tumeyaona hayo kwa macho. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, na nyumba zao zikakaliwa na watu wengi wasio na uwezo wa kuzitengeneza, au zikabaki tupu. Jumba la Unguja haliangushwi na uzee. Paa huvuja, maji hushuka ukutani, chokaa na udongo hulainika, ncha za boriti huoza ndani ya ukuta pasipoonekana, kisha siku moja ya masika ghorofa hushuka. Mamlaka ya kuuhifadhi mji iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini nyumba zilizosimama vizuri kupita zote hadi leo ni zile zenye mtu wa kupanda darini mvua inaponyesha, akatazama panapovuja.

Kazi ilianza kwa kusubiri. Moto huharibu siku moja, na maji ya zimamoto huendelea kuharibu kwa miaka. Ukuta wa mawe hunywa maji kama sponji, na hesabu ya mafundi ni kwamba unene wa milimita 25 huhitaji kiasi cha mwezi mmoja kukauka. Kuta zetu zina milimita 450. Ukiharakisha ukazifunika kabla hazijakauka, kuvu ya kuozesha mbao hujipenyeza, na mbao zilizookoka na moto huliwa kimyakimya. Tulisimamisha jukwaa, tukatandaza paa la muda la mabati, tukaendelea kupanga chumba kimoja na nusu upande wa pili wa mji.

Tulipokuwa tukisubiri nilijifunza kusoma jengo lililoungua. Mawe ya mchanga ya kaskazini yana chuma ndani yake, na joto likifika kiasi cha nyuzi 250 hadi 300 rangi yao ya manjano hugeuka kuwa nyekundu. Ukuta wa nyumba yetu ulikuwa ramani: palipokuwa pekundu juu ya madirisha ndipo miali ilipotokea, palipobaki manjano moto haukukaa. Mbao nazo zina elimu yake. Boriti nene haiungui yote kwa mara moja. Ubao laini hugeuka mkaa kwa kadiri ya milimita 0.7 kwa dakika, na ule mkaa wa nje hukilinda kiini. Seremala alikwangua kenchi moja iliyokuwa nyeusi kama chungu, akafika kwenye mti mzima, akaugonga kwa nyundo. Ulilia kama mti mpya. Kenchi hiyo ipo juu ya vichwa vyetu hivi sasa.

Likaja swali la pili, gumu kuliko la maji: tuirudishe nyumba iwe ya siku ipi? Waingereza wamebishana juu ya swali hili kwa muda mrefu. Mwaka 1877 William Morris, mshairi na msanii, alianzisha jumuiya ya kuyalinda majengo ya kale kwa sababu alichukizwa na wasanifu waliokuwa wakiyakwangua makanisa ili kuyarudisha kwenye zama moja waliyoiona kuwa safi. Yeye alifundisha kwamba jengo litengenezwe, lisirejeshwe. Kila kizazi kilichopita ndani yake kina haki yake ukutani, na dawa ya uzee ni matunzo ya kila siku.

Zaidi ya karne moja baadaye likatokea jibu la kinyume. Tarehe 30 Agosti 1989 jumba la Uppark, Sussex, liliungua kwa moto wa taa ya gesi ya mafundi waliokuwa wakichomelea risasi kwenye paa, kazi ikiwa karibu kumalizika. Watu waliunda mnyororo wakatoa picha na samani za vyumba vya chini. Ghorofa ya juu, ambako ukoo uliolitoa jumba hilo kwa National Trust ulikuwa bado ukiishi, iliteketea. Shirika likaamua kulirudisha jumba kama lilivyokuwa siku moja kabla ya moto. Vifusi vilikusanywa katika maelfu ya mapipa na kuchekechwa, vipande vya nakshi vikaunganishwa, mafundi wakajifunza upya kuchonga na kupiga plasta kwa njia za kale, na mwaka 1995 jumba likafunguliwa.

Na ipo njia ya tatu. Tarehe 29 Aprili 2015, sisi tukiwa katikati ya kazi yetu, jumba la Clandon Park huko Surrey liliungua likabaki kuta. Mwaka 2022 shirika hilo hilo la National Trust likatangaza kwamba sehemu kubwa ya ndani haitajengwa upya. Wageni wataonyeshwa matofali yaliyo uchi, waone jinsi jumba lilivyojengwa na jinsi lilivyoungua.

Nimeyatafakari majibu haya matatu, na kila moja nimeliona lina hekima yake. Lakini Uppark na Clandon hurudishwa kwa ajili ya watazamaji. Mgeni hutembea ndani yake saa mbili, hunywa chai, hurudi kwake. Mimi nilikuwa na watoto wanaohitaji mahali pa kulala na mama asiyeweza kupanda ngazi. Na hapo ndipo siku zile mbili za kuzaliwa zilipogongana.

Nyumba yetu iko katika orodha ya majengo yanayolindwa kisheria, daraja la pili. Kuigusa bila kibali ni kosa la jinai. Bwana wa hifadhi wa manispaa alikuwa mtu mwenye adabu na maarifa, na alikuwa na nakala ya ramani ya kwanza. Katika ramani ile sehemu ya chini ilikuwa na sebule moja na jiko moja kubwa. Sisi tuliomba kuligawa jiko kwa ukuta wa mbao, tupate chumba cha mama. Alisita. Moto ulikuwa umeondoa kila kitu kilichokuwa ndani, akasema. Hii ni fursa ya kurudisha jiko katika umbo lake la asili, ambalo halikuonekana tena katika nyumba nyingi za namna hii. Sikuweza kumlaumu. Ramani ilikuwa upande wake. Lakini bila chumba kile, mama asingeweza kuishi nasi, na katika nchi hii jina la jambo linalofuata ni makao ya wazee. Mke wangu alisema waziwazi kwamba kama mama haingii, tuiuze hata kwa hasara. Tulikaa na neno hilo majuma kadhaa.

Aliyelitatua alikuwa bibi mmoja wa Kiingereza mwenye koti la mvua, aliyesimama langoni asubuhi ya Jumamosi akitazama jukwaa. Alikuwa binti wa mlinzi wa bustani. Alizaliwa ndani ya nyumba ile na akahama alipoolewa. Tulimkaribisha, akaingia polepole akigusa kuta, akawa anataja vitu visivyokuwapo: hapa meza, hapa ndoano ya kofia ya baba, hapa kengele. Alipofika jikoni akasimama katikati akauliza ukuta umekwenda wapi. Baba yake, alieleza, alilikata jiko kwa mbao kumtengenezea bibi yao chumba, kwa kuwa bibi alikuwa hawezi tena ngazi. Juma lililofuata akarudi na picha ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe: watoto watatu wamekaa kwenye benchi, na nyuma yao ukuta wa mbao, na mlango wake uko wazi, na ndani unaonekana ukingo wa kitanda.

Niliipeleka picha kwa bwana wa hifadhi. Aliitazama kwa muda, akaomba ruhusa ya kuitia katika jalada la jengo. Kibali kilitolewa. Ukuta ulijengwa palepale, kwa mbao, na mlango ukawekwa ulipokuwa.

Mambo mengine yalikwenda kwa mwendo wa kawaida wa ujenzi, yaani kwa gharama kubwa kuliko hesabu. Paa liliezekwa kwa vigae vya mawe vya Wales. Serikali yenyewe, kwa njia yake kavu, inatambua thamani ya nyumba kukaliwa: nyumba iliyokaa tupu miaka miwili au zaidi, mafundi wakiitengeneza iishi watu tena, hutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 badala ya 20. Bila punguzo hilo tusingemaliza.

Kuta tulizipiga chokaa, si saruji. Saruji ya Portland, iliyopewa hati ya uvumbuzi mwaka 1824 kwa jina la Joseph Aspdin wa Leeds, ni ngumu na haipitishi unyevu. Ukiipiga juu ya jiwe la kale maji hukosa pa kutokea, na jiwe ndilo linalomomonyoka. Chokaa hupumua. Fundi aliichanganya na mchanga na nywele za wanyama ili isipasuke, na kwa kuwa baridi ya chini ya nyuzi 5 huiharibu, tuliingoja majira ya kuchipua na bado usiku tukaifunika kwa magunia. Mama aliletewa kiti. Alimsimulia fundi, nami nikifasiri, jinsi kwao mawe ya matumbawe yalivyopangwa juu ya lundo la magogo katika tanuu, yakachomwa, yakazimwa kwa maji, na chokaa yake ikaachwa ilale muda mrefu kabla ya kutumiwa. Fundi alishangaa kuona kwamba hatua zote anazijua. Jiwe hupita motoni, hupita majini, kisha hewa hulirudisha kuwa jiwe. Walielewana kuliko nilivyofasiri.

Juu ya dirisha la mbele tumeliacha lile doa jekundu. Si kwa kuwafuata wa Clandon, wala hatukuweka kibao cha kulieleza. Kuling'oa jiwe zima lisilo na ufa kwa sababu ya rangi yake kungekuwa upuuzi, na moto nao umekwisha kuwa mmoja wa waliopita katika nyumba hii. Watoto huwaonyesha wenzao.

Leo mama ana miaka 84. Kitanda chake kipo nyuma ya ule ukuta wa mbao, na dirishani kwake huona kila anayeingia bustanini. Hakuna aliyempa kazi, lakini anawajua wenye mbwa, wakimbiaji wa alfajiri, na vijana wanaokaa kwenye benchi baada ya skuli. Mmoja wao alipoanguka na baiskeli, ni mama aliyegonga kioo kuniita. Nilipomwambia kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mwenye nyumba hii, alicheka akauliza mshahara wake uko wapi.

Ramani ya msanifu ina heshima yake, nami ninayo nakala ukutani. Lakini ramani ile haikujua kwamba mama wa mtu atazeeka. Picha ya bibi yule ilijua, nayo ilikuwa imebaki ndani ya sanduku la viatu miaka 60, na angekufa bila kupita langoni kwetu Jumamosi ile ingetupwa. Ndiyo maana ninapomaliza makala haya sina shauri la ujenzi la kumpa msomaji. Kama pana nyumba ya zamani mtaani kwako, iwe ya mawe ya Lancashire au ya matumbawe ya Malindi, mtafute aliyelala ndani yake utotoni. Muulize nani alilala chumba gani, jiko lilikuwa wapi, na ukuta upi uliongezwa na kwa ajili ya nani. Andika, utie tarehe. Makaratasi ya manispaa yatajitunza yenyewe.